Faili la matibabu la mtoto Marekani: mzazi ana haki gani?

Je, mzazi anaweza kuliona?

Kwa kawaida, ndiyo. HIPAA, sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inayolinda taarifa za afya, humhesabu mzazi kuwa mwakilishi wa mtoto ambaye hajafikia utu uzima.

Ombi lipelekwe wapi?

Kitengo cha rekodi, si kwa daktari. Andika jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, tarehe za matibabu na unachotaka hasa. Ukiandika "faili lote" tu, picha za eksrei huweza kuachwa kwa kuwa mara nyingi hutunzwa idara nyingine. Hospitali ina siku 30 za kujibu. Ikishindwa, inaweza kujiongezea 30 mara moja tu, kwa maandishi na kwa sababu. Hutozwi gharama ya kulitafuta faili, na deni la matibabu si kisingizio cha kukunyima nakala.

Mzazi hunyimwa lini?

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Cha kuuliza ni nani aliyeridhia matibabu. Majimbo yote huruhusu vijana, baadhi kwa kuweka umri wa chini, kutibiwa magonjwa ya zinaa kwa ridhaa yao wenyewe. Binti wa miaka 15 akitibiwa hivyo, sehemu hiyo ya faili huongozwa na sheria ya jimbo. Chanjo zake na matibabu ya pumu mzazi ataendelea kuyaona. Mzazi hunyimwa pia aliporidhia usiri kati ya daktari na mtoto, matibabu yalipoamriwa na mahakama, au daktari anaposhuku ukatili nyumbani.

Siri yenyewe mara nyingi haivujii kliniki. Huvuja kwa taarifa ya bima inayotumwa kwa mwenye bima, kwa hiyo kijana aulize kuhusu malipo kabla ya kupimwa.

Mbona akaunti ya mtandaoni imeacha kuonyesha majibu?

Hospitali nyingi hupunguza anachoona mzazi mtoto anapofika miaka 12 au 13. Hiyo ni mipangilio ya programu tu, haki yako haijafutika. Omba nakala kwa maandishi.

Wazazi waliotalikiana je?

Kwa kawaida wote wawili wana haki, isipokuwa amri ya mahakama iseme vinginevyo. Nenda na nakala ya amri hiyo.

Na rekodi za muuguzi wa shule?

Za shule ya umma kwa kawaida ziko chini ya FERPA, sheria ya rekodi za wanafunzi ya mwaka 1974. Shule ina siku 45 kukuonyesha.

Nikikataliwa bila sababu?

Dai jibu la maandishi, kisha ishtaki hospitali kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Afya ndani ya siku 180.