Kitabu cha mboga kimzoeshe mtoto, kisimhubirie

Hadithi ya shujaa aliyekula mboga za majani akapata nguvu za kuinua gari ina kasoro moja: mtoto wa miaka minne anaweza kuihakiki. Atakula vijiko viwili vya mchicha, atakunja mkono kujipima misuli, ataona ni mkono uleule wa asubuhi. Kesho ukimrudia na habari za nguvu, keshakujua.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, Michal Maimaran na Ayelet Fishbach, walichapisha majaribio yao kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Watoto walisomewa kitabu cha picha kuhusu msichana anayekula kitafunwa. Baadhi yao waliambiwa kitafunwa kile kinampa nguvu, wengine hawakutajiwa faida yoyote. Waliosikia habari za nguvu walikula kidogo kuliko wenzao. Katika jaribio jingine karoti zilisifiwa kuwa zinasaidia kujifunza, na hali ikawa ileile. Kwa akili ya mtoto mdogo, kitu chenye kazi maalumu hakiwezi tena kuwa kitamu. Ukishamwambia mboga ni dawa, anajiandaa kwa uchungu.

Basi kitabu kina kazi gani? Kazi yake ni kumzoesha. Kati ya miaka miwili na sita watoto wengi huogopa chakula wasichokijua, hasa cha kijani na chenye ladha ya uchungu kidogo. Hiyo ni hatua ya kawaida ya makuzi, wala mtoto hajadeka. Mara nyingi anahitaji kukutana na mboga ileile mara 8 hadi 15 ndipo aikubali, ilhali wengi wetu mara ya tatu tu tunasema, "huyu hapendi mboga", tunamkaangia chipsi yaishe.

Habari njema ni kwamba huko kukutana si lazima kuanzie mdomoni. Katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, Carmel Houston-Price na wenzake waliwaomba wazazi waangalie pamoja na watoto wao wadogo kitabu cha picha cha mboga wasiyoijua, dakika chache kila siku kwa wiki mbili. Mboga hiyo ilipowekwa mbele yao, watoto waliionja kwa wepesi kuliko mboga ambayo hawakuiona kitabuni. Hapakuhitajika shujaa wala zimwi. Ilitosha sura ya mboga kuwa sura wanayoijua.

Sasa tuangalie picha zilizomo katika vitabu tunavyowanunulia. Vingi vimejaa brokoli na tufaha. Mtoto wa Singida anazoeshwa brokoli wiki nzima, halafu jioni anawekewa mlenda. Binafsi naona mlenda unastahili kitabu chake wenyewe. Mpe mchoraji tonge la ugali linaloinuliwa kutoka kwenye bakuli, uzi wa mlenda unavutika, unazidi kurefuka, unafika kidevuni, bibi anaukata kwa kidole na watoto wanacheka. Ule utelezi unaomtia mtoto kinyaa mezani, kitabuni unageuka mchezo. Tuna pia matembele, majani ya maboga, kunde, nyanya chungu, na kisamvu kinachotwangwa hadi kinu kinanukia. Hayo yote mtoto atayakuta nyumbani jioni ileile uliyomsomea.

Usikwame kwa sababu duka la vitabu liko mbali. Majukwaa ya mtandaoni ya African Storybook na StoryWeaver yana hadithi za watoto za bure, zikiwemo za Kiswahili, na leseni zake zinaruhusu kutafsiri na kuchapa. Hata daftari linatosha. Panda mchicha kwenye kopo au ndoo iliyotoboka. Ukurasa wa kwanza mtoto abandike mbegu, zile nyeusi ndogo zinazong'aa. Unaofuata achore majani mawili ya mwanzo, kisha mche uliofika magoti ya mdoli wake. Baada ya wiki tatu au nne mnachuma, anachambua mwenyewe, naye anachora sufuria. Mwalimu wa awali anaweza kufanya hivyo na darasa zima kwa gharama ya pakiti moja ya mbegu.

Sisemi kitabu kisifundishe kabisa. Mwaka 2013 Sarah Gripshover na Ellen Markman wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba watoto wa miaka minne na mitano waliosomewa vitabu vinavyoeleza kwa nini mwili unahitaji vyakula vya aina mbalimbali, na jinsi damu inavyosafirisha virutubisho, waliongeza kula mboga kwa hiari yao. Tofauti yake na hadithi ya misuli ni kwamba hapa mtoto anaelezwa mambo yanavyokwenda ndani ya mwili, haahidiwi miujiza. Anayeweza kuuliza "kwa nini?" mara ishirini kwa siku anaweza kuelewa kwamba ugali peke yake hauna kila kitu.

Wakati wa kusoma, acha mapatano. "Maliza mboga upate soda" humfundisha kwamba soda ndiyo tuzo na mboga ni adhabu. Someni pamoja, guseni picha, mwulize mboga hiyo ameiona wapi, kisha fungeni kitabu. Mezani weka kijiko kimoja, na wewe mwenyewe ule akikuona. Akikataa, kesho tena.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 2 hadi 5 wapate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku. Osha majani kabla ya kuyakata, yasiive hadi yakapondeka (isipokuwa kisamvu, ambacho lazima kichemshwe sana), na yaungwe kwa karanga au tui, kwa kuwa mwili unahitaji mafuta ili kunyonya kiini cha vitamini A kilichomo. Kamulia ndimu, madini ya chuma yatafyonzwa vizuri zaidi. Chai ya rangi isubiri, kwa kuwa inazuia chuma hicho kufyonzwa. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinaweza kumpalia. Zisagwe.

Kitabu kinachosifu maharage, choroko na mbaazi ni kizuri, ila kisimfanye mzazi aondoe yai, dagaa na maziwa kwa mtoto mdogo. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Na mtoto anayekataa karibu kila chakula, anayepungua uzito au kupaliwa mara kwa mara asisubiri hadithi nyingine. Apelekwe kliniki akapimwe, na kadi yake ya ukuaji ibebwe.