Mtumishi, huyo punda wako unamlishaje?

Kuna ule mzaha wa zamani kwamba kuku akisikia mchungaji anakuja kijijini anaingia uvunguni. Tunacheka wote, wachungaji wenyewe ndo wanacheka zaidi, ila mimi ni afisa lishe kwenye hospitali ya kanisa na kila tukienda kupima afya kwenye semina za watumishi ule mzaha unaniishia mdomoni. Unakuta mtu ana miaka 48, presha 160 kwa 100, sukari imeshaanza kupanda, akipiga magoti kumwombea mgonjwa hainuki mpaka ashikwe mkono, na ukimuuliza habari ya mazoezi anakujibu "dada yangu, mimi niko kwenye huduma, huo mda naupata wapi".

Na nikisema watumishi sio wachungaji na mapadre peke yao jamani. Kuna wainjilisti, makatekista, masista, mashehe, ustadhi anayekaa kwenye mkeka na watoto wa madrasa toka saa nane mpaka magharibi, kuna mama mchungaji ambaye hana mshahara lakini ndo anapika chai ya kila mgeni, anaonja kila sufuria na analala wa mwisho. Huyu wa mwisho huwa hatumhesabu kabisa, alafu tukipima unakuta ndo mwenye hali mbaya kuliko mumewe.

Niseme mapema pia, sijaja hapa kumcheka mtu mnene. Mwili mnene sio cheti cha ulafi, kuna urithi wa ukoo, kuna umri, kuna uzazi, kuna dawa zinaongeza uzito kama steroidi na insulini, na kuna watu wembamba kama fito ambao damu yao imejaa mafuta mabaya. Wembamba nao sio utakatifu. Ninachoona mimi ni kwamba kwa watumishi wengi uzito unatokana na jinsi kazi yenyewe ilivyokaa, kwahiyo ukimwambia "baba punguza kula" ukaishia hapo, umemwonea tu.

Na sio huku kwetu peke yake. Kule North Carolina, Marekani, watu wa Chuo Kikuu cha Duke waliwahoji wachungaji wa kanisa la Methodisti, matokeo yakachapishwa 2010, na kwa wale wa umri wa miaka 35 mpaka 64 karibu asilimia 40 walikuwa na kiribatumbo, yaani ule unene wa kupitiliza, kama pointi 10 juu ya watu wengine wa jimbo hilohilo wenye umri kama wao. Wanaishi jimbo moja na wananunua kwenye masoko yaleyale, tofauti ninayoiona mimi ni kazi.

Na huyo punda niliyemuulizia mwanzoni ni mwili wako. Fransisko wa Assisi, yule mtakatifu wa Italia aliyefariki 1226, alikuwa anauita mwili wake ndugu punda. Aliuchapa huyo punda kwa kufunga na kulala chini na kukesha, mpaka macho na tumbo vikaharibika, na alifariki akiwa hajafika miaka 50. Inasimuliwa kwamba karibu na mwisho alimwomba msamaha ndugu punda kwa kumtesa. Mimi sio mtu wa historia ya kanisa lakini hiyo habari naipenda sana kwa sababu sisi Waswahili tuna yetu, punda afe mzigo ufike, na watumishi wengi wanaishi hivyohivyo bila kujua, yaani huduma iende, mwili utajijua. Sasa punda akifa katikati ya njia huo mzigo unafikishwa na nani?

Tuchukue siku moja ya mchungaji wa usharika kijijini. Asubuhi chai na maandazi nyumbani. Saa nne yuko kwa mgonjwa, analetewa chai, vijiko vitatu vya sukari vimeshakorogwa kabla hajaulizwa. Saa sita kwa mjane, chai tena. Saa nane kuna kikao cha wazee, soda. Saa kumi kwenye familia wana mgogoro, wamechinja kuku, firigisi imewekwa kwake kwenye kisahani kama heshima, na soda nyingine. Hapo hajaomba kitu chochote. Kukataa ni tusi, maana kwetu chakula ndo lugha ya upendo na yule mama amekopa dukani ili mtumishi anywe soda.

Sasa tupige hesabu. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, hivyo ni vijiko vya chai 9. Mbili ni 18. Weka chai tatu za vijiko vitatu vitatu kuanzia ile ya nyumbani, 9 tena. Jumla vijiko 27, zaidi ya gramu 100, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 kwa siku na ikiwezekana aishie 25. Kwa nguvu hiyo sukari peke yake ni kalori 400 na kitu. Mtu wa kilo 85 akitembea haraka nusu saa anachoma kama 150. Yaani ili tu arudishe vinywaji vya siku hiyo inabidi atembee karibu saa moja na nusu, na hatujagusa maandazi, ugali wala ile supu yenye mafuta yanaelea juu.

Zamani hilo lilijisawazisha lenyewe kwa sababu mwinjilisti alikuwa anatembea. Mtaa mpaka mtaa kwa miguu au baiskeli, mlima anapanda anashuka, ukimpa chai ya sukari ameshaimaliza kabla hajavuka mto. Siku hizi ana pikipiki au amepewa gari la jimbo, chakula kimebaki kilekile, heshima imebaki ileile, mwendo ndo umeondoka.

Ndo maana huwa nawaambia anzeni na vinywaji, msianze na kuku. Kuku wa kienyeji sio adui, tena mleni na ile firigisi. Kilicho rahisi kubadilisha bila kumuumiza mwenye nyumba ni kile cha kwenye kikombe. Mtumishi mmoja alijisemea kanisani kabisa kwenye matangazo, "ndugu zangu daktari amenikataza sukari, mkinipenda nipeni maji au chai ya rangi kavu", na kwa wiki mbili tatu kijiji kizima kikawa kinajua, mpaka watoto wanamkimbilia na kikombe cha maji. Aliogopa watu watasema anaringa, kumbe walifurahi kupata njia ya kumtunza. Nadhani huwa tunawachukulia waumini kama watu wagumu kuliko walivyo.

Kwenye kufunga hapo ndo nataka kukaa kidogo maana ndo penye maswali mengi.

Watu wengi wanadhani wakifunga watapungua. Wapo wanaopungua. Lakini unakuta mtu amefunga kutwa, jioni anafungulia na uji wa sukari, tende, kaimati, sambusa, viazi karai, alafu wali, alafu daku, Ramadhani inaisha ameongeza kilo tatu. Upande wa pili kuna wa siku 21 za maombi, anakunywa maji tu, siku ya kumaliza kuna sherehe na pilau. Hilo la pili sio la kuchekea. Mtu aliyekaa siku nyingi bila chakula akishindilia wanga ghafla madini kwenye damu yanavurugika, hasa fosfeti na potasiamu, na moyo unaweza kupata shida kubwa kabisa. Kufungulia baada ya mfungo mrefu ni kidogokidogo kwa siku kadhaa, na mfungo wa namna hiyo usiuanze bila kuongea na mtu wa afya, na ile ya kufunga kavu siku nyingi bila hata maji mimi siwezi kumshauri mtu yeyote.

Wenye kisukari nawaomba sana. Ukiwa unatumia insulini au vidonge kama glibenklamidi na ukafunga bila kurekebishiwa dozi, sukari inaweza kushuka mpaka uanguke. Dalili zake ni jasho baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuongea maneno hayaeleweki, kuwa mkali bila sababu. Sasa fikiria hayo yanatokea kwenye mkesha saa nane usiku, watu watasema nini? Watamzunguka waanze kukemea. Ombeni sawa lakini kwanza mpeni sukari, nusu glasi ya soda inatosha kwa kuanzia kama bado anaweza kumeza, hapa soda ina kazi yake ya halali kabisa, na kama hamezi msimmiminie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali. Mwenye mashine ya kupimia, ikisoma chini ya 3.9 mmol/L mfungo umeisha hapo hapo, usisubiri adhana wala amina. Qurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kuacha, na Biblia inamwonesha Elia amechoka mpaka anaomba kufa chini ya mti, malaika hakumhubiria, alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akamlisha tena kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Hiyo ni lishe na usingizi, kwa mpangilio huo huo ambao mimi ningeuandika kwenye kadi.

Usingizi nao. Mikesha ikizidi mwili unatoa homoni ya njaa kwa wingi na ile ya kushiba inapungua, ndo maana asubuhi baada ya mkesha unatamani chipsi na sio mchicha. Sio pepo la ulafi hilo. Ukikesha Ijumaa panga kulala Jumamosi mchana, na kama una mikesha mitatu kwa wiki basi kaa na wazee muipunguze, mtu mzima anahitaji kama saa saba za usingizi.

Kujua kama uzito umezidi, mizani na ile hesabu ya kilo kugawa kwa urefu wa mita, alafu jibu unaligawa tena kwa urefu huohuo, vinasaidia, mfano kilo 90 kwa mita 1.70 ni 31, na kuanzia 25 ni uzito uliozidi, 30 kwenda juu ni kiribatumbo. Ila mimi napenda kamba. Chukua kamba ya katani au hata uzi, jipime kuanzia kisigino mpaka utosini, ikate hapo, ikunje katikati, alafu izungushe tumboni usawa wa kitovu bila kuvuta pumzi ndani (wanaume tunawajua). Ncha zikikutana ni vizuri, zisipokutana ujue tumbo limeshavuka nusu ya urefu wako, na mafuta ya tumboni ndo yanayopandisha presha na sukari kuliko yale ya mapajani.

Habari njema ni kwamba hauhitaji kurudi ulivyokuwa seminari. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, kundi mojawapo lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na walioingia kwenye kundi hilo walipata kisukari kwa asilimia 58 pungufu ukilinganisha na wale waliopewa kidonge hewa, yaani kisicho na dawa ndani. Asilimia 7 ya kilo 90 ni kilo 6 na kidogo. Dakika 150 ni nusu saa siku tano.

Nusu saa hiyo wala usitafute jimu. Pikipiki iache kwa mzee wa kwanza, nyumba tatu zinazofuata nenda kwa miguu, mwendo wa kuongea unaweza ila kuimba huwezi. Kwaya ikifanya mazoezi simama nao ucheze. Lima bustani ya parokia mwenyewe badala ya kuagiza vijana. Mara mbili kwa wiki fanya kitu kinachochosha misuli, kukaa na kuinuka kwenye kiti mara kumi kumi bila kushika, kubeba ndoo mbili za maji, kusukuma ukuta, maana misuli inapungua kuanzia miaka ya 30 na kuendelea na ndo hiyo inayokuinua kutoka kwenye magoti. Kuna ustadhi aliniuliza kama rakaa 17 za faradhi zinatosha, nikamwambia zinalainisha viungo na Alhamdulillah, lakini moyo haujahema, atembee kwenda msikiti wa mbali kidogo.

Aibu ya kuonekana na bukta naielewa. Masista wananiambia wakikimbia watu wanapiga picha. Basi tembeeni na nguo zenu hizohizo na raba, saa kumi na mbili asubuhi, wawili wawili. Toka Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alihimiza mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi, makanisa na misikiti ingeweza kuidandia hiyo siku kirahisi tu.

Kikwazo kingine ni maneno ya watu. Ukinenepa wanasema umependeza, Mungu anakutunza. Ukipungua kilo sita wanaanza kunong'ona kwamba umeukwaa, au ndoa imeingia mgogoro, au usharika haukulipi. Hili lina historia, miaka ile ya Ukimwi kabla ya dawa tulizika watu waliokonda na macho yetu bado hayajasahau. Mwenzangu akipungua kwa makusudi huwa namshauri atangulie kuwaambia watu kabla hawajaanza kubuni. Ila kama unapungua bila kukusudia, suruali zinalegea na unakula vizuri tu au una kikohozi, usifurahie, njoo upimwe.

Ile kamba usiitupe. Andika tarehe kwenye karatasi, ifunge nayo, weka kwenye droo ya ofisi pamoja na daftari la matoleo, na baada ya miezi mitatu izungushe tena asubuhi kabla ya chai.