Omena ikinyeshewa, unajiambia nini?

Baada ya usiku wa giza, ufuo wa Dunga hapa Kisumu huamka umemeta kwa omena, dagaa wadogo wa Ziwa Victoria. Hutandazwa juu ya nyavu kuukuu, na akina mama huinama kuigeuza kwa viganja ili jua liifikie upande wa pili. Siku moja nilikuwa pale kutafuta samaki wa kupeleka nyumbani, mwendo wa saa nane mchana, mvua ikashuka bila kubisha hodi. Watu walikimbilia magunia na karatasi za nailoni, lakini mvua ya ziwani haingoji mtu. Mama wawili walioanika jirani walinyeshewa karibu sawa, na omena iliyoloa kabla haijakauka mara nyingi huishia kwa wanaotengeneza chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Mmoja alikamua leso yake akasema, “Leo mvua imeniweza. Kesho naanika mapema, na turubai nakuja nayo.”

Mwenzake akasema, “Mimi biashara ilinikataa kitambo. Kila nikishikacho huoza. Hata watoto wangu wataishi hivi hivi.”

Hasara yao ilipimwa kwa gorogoro zilezile, makopo ya kupimia sokoni. Mimi ni mwanasaikolojia mshauri, na kauli kama hizo mbili ndizo ninazosikiliza kazini kutwa. Wengi wanaokuja kwetu hudhani mtazamo chanya ni kutabasamu, au kujibu “niko poa” huku paa linaungua. Sisi hutazama jambo dogo zaidi: maelezo ambayo mtu hujipa mambo yanapomwendea kombo. Yatadumu muda gani? Yamegusa biashara ya leo tu, au maisha yote? Na chanzo ni nini hasa, mimi, mvua, au turubai niliyoiacha nyumbani? Mama wa pili alijibu maswali yote matatu kwa pumzi moja, na majibu yote yalikuwa mabaya kuliko ukweli.

Mwanasaikolojia wa Marekani Martin Seligman alilifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1967, yeye na Steven Maier waligundua kwamba mbwa walioumizwa kwa umeme bila njia ya kuuzima walikuja kukata tamaa: hata walipowekwa mahali ambapo kuruka kizuizi tu kungewaokoa, wengi walilala wakavumilia. (Majaribio ya aina hiyo yananikera, na sidhani leo yangekubaliwa kirahisi.) Baadaye Seligman aliwachunguza mawakala wa bima, watu ambao kazi yao ni kukataliwa mlango hadi mlango. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, wale waliojieleza kukataliwa kama jambo la kupita waliuza zaidi na walidumu kazini kuliko waliojilaumu wao wenyewe.

Kinachonivutia zaidi kilikuja mwaka 2016. Seligman na Maier walirudi wakakiri kwamba nadharia yao ya awali ilikuwa kinyume. Ubongo ukiandamwa na mateso kwa muda mrefu, kulegea ndiko kunakokuja kwenyewe, bila kufundishwa. Kinachofundishwa ni ile hisia kwamba kuna kitu naweza kufanya. Kwa hiyo anayekwambia “mimi nilizaliwa hivi, sina matumaini” huenda hajakosea sana. Ila somo lenyewe bado hajalipata, na umri si kikwazo cha kulipata.

Watu wa ziwa tayari wanalo somo hilo, sijui kama wanalitambua. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haziiti samaki vizuri na mitumbwi hurudi na kidogo. Sijawahi kumsikia mama akisema siku hizo kwamba amelaaniwa. Husema, “Ni mwezi,” kisha anashona nyavu au anafuatilia madeni yake. Mtu huyohuyo mwanawe akifeli mtihani, au mkubwa wake kazini akimpita koridoni bila salamu, huusahau mwezi kabisa. Mkubwa hakunisalimu, basi hanipendi, basi nitafutwa, basi sina maana. Huenda mkubwa alikuwa anaumwa jino.

Tunachowapa wateja wetu ni daftari. Jambo likikuudhi, andika lilivyotokea kama vile shahidi angeliandika, kisha chini yake andika ulichojiambia. Mstari wa tatu ni wa ushahidi: nini kinaonyesha kwamba ni kweli, na nini kinaonyesha kwamba si kweli? Fanya hivyo kwa wiki kadhaa. Wengi hushangaa jinsi mstari wa kwanza ulivyo mfupi.

Wala usidhani kuota ndoto tamu kutakusaidia. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen, aliyefanya utafiti wake Ujerumani na Marekani, alionyesha kwamba vijana waliomaliza masomo na kutumia muda mwingi kujiona wameshapata kazi nzuri ndio waliopeleka maombi machache, na mishahara yao ikawa midogo baadaye. Anayefanikiwa hutaja lengo, kisha hutaja kizuizi, kisha hupanga atakavyokivuka. Turubai, kwa maneno mengine.

Kuna upande mwingine nisiounyamazia. Niliwahi kualikwa na mwajiri mmoja niwahutubie wafanyakazi kuhusu mtazamo chanya. Dakika kumi ndani ya hotuba nikagundua hawajalipwa miezi mitatu, na wanaosafisha vyoo hawana hata glavu. Niliweka karatasi zangu chini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi walio hatarini vifaa vya kujikinga, na hakuna tabasamu linalokinga mikono na dawa ya choo. Sijaalikwa tena.

Na si kila huzuni ni suala la mtazamo. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hupati usingizi au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, na yale uliyoyapenda hayakugusi tena, huenda ni ugonjwa wa sonona, nao ugonjwa huo una tiba. Nenda hospitali ya kaunti iliyo karibu nawe, uulize idara ya afya ya akili. Wazo la kujiua likikujia, usihesabu wiki: mwambie mtu leo, na aende nawe.