Je, wajua? Swali la "kwa nini unakimbia?" lina vipimo vyake

Jumapili alfajiri ukipita Raskazone, Tanga, utawasikia kabla hujawaona. Mmoja anaanzisha wimbo, kundi zima linaitikia, viatu vinapiga lami kwa mdundo mmoja. Ni kikundi cha joging, na mimi nimo, huko nyuma kabisa na akina mama wa makamo na kijana mmoja aliyeumia goti akicheza mpira.

Siku moja niliwauliza wenzangu watatu wanakimbilia nini. "Afya." "Afya tu." "Afya, dada, presha hizi!" Nikaridhika. Tukaenda kunywa chai, mihogo ikaletwa na chachandu yake, na maneno yakaanza kutoka yenyewe. Wa kwanza ana harusi ya mdogo wake, na sare imeshonwa kwa vipimo vya mwaka juzi. Wa pili watoto wote wamehamia Dar, nyumba imekuwa kimya, na Jumapili ndiyo siku yake ya kucheka. Wa tatu ni presha kweli, ila na ile fulana ya kikundi anaipenda mno. Siku ya bonanza hakosi mstari wa mbele.

Neno moja, "afya", lilifunika umbo, urafiki, sifa na afya yenyewe. Sasa mtafiti anayetaka kujua nini kinamtoa mtu kitandani saa kumi na moja alfajiri atafanyaje, kama kila mtu atamjibu vile?

Dawa waliyoipata wanasaikolojia wa michezo ni kutouliza swali moja. Mwaka 1993 David Markland na Lew Hardy, huko Uingereza, walichapisha dodoso la sababu za kufanya mazoezi. Mwaka 1997 Markland na David Ingledew wakalipanua: sentensi 51, makundi 14, na kila sentensi unaipa alama kuanzia 0, yaani "hii si mimi kabisa", mpaka 5, "hii ndiyo mimi hasa". Kinachonifurahisha ni walivyoipasua hiyo afya yetu vipande vitatu: kutaka kuwa na siha, kuogopa maradhi, na kusukumwa na tatizo ambalo tayari unalo, kwa mfano daktari ameshakukalisha chini. Yule bwana wa presha angepata alama kubwa kwenye kipande cha tatu, na ndogo tu kwenye cha kwanza.

Mwaka 2008 Simon Sebire, Martyn Standage na Maarten Vansteenkiste walileta dodoso fupi zaidi, maarufu kwa kifupi cha GCEQ. Hili linapima malengo matano: afya, kuongeza ujuzi, urafiki, mwonekano, na kutambuliwa na watu. Kila lengo lina maswali manne, jumla 20, na unajibu kwa kusema lengo hilo lina umuhimu gani kwako, 1 mpaka 7. Matatu ya mwanzo huitwa malengo ya ndani, maana faida yake unaionja mwenyewe. Mawili ya mwisho ni ya nje. Yanategemea macho ya wengine.

Hesabu yake mtu anaweza kuifanya kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Tuseme yule mama wa nyumba kimya amepata wastani wa 5 kwenye afya, 3 kwenye ujuzi na 7 kwenye urafiki. Malengo ya ndani yanampa wastani wa 5. Mwonekano ana 6, kutambuliwa na watu 2. Wastani wa nje ni 4. Toa 4 kwenye 5, inabaki 1: ameelemea ndani, lakini kidogo. Huko kuelemea ndiko watafiti wanakokutafuta, kwa sababu karibu kila mtu ana mchanganyiko. Mwaka 2011 Sebire na wenzake hao wawili walichapisha utafiti ambao washiriki walivaa kifaa kidogo cha kurekodi mwendo wa mwili, ili isiwe maneno matupu. Walioelemea malengo ya ndani walikuwa na msukumo wa hiari zaidi, na msukumo huo ndio uliokwenda pamoja na kujishughulisha zaidi.

Msiniulize kwa nini nimetaja lengo na msukumo mbalimbali. Si kitu kimoja. Watu wawili wanaweza wote kulenga kushusha presha, mmoja kwa sababu mkewe hampi raha mpaka avae raba, mwingine kwa kuwa ameamua mwenyewe. Lengo moja, misukumo miwili. Edward Deci na Richard Ryan wa Marekani ndio walioweka msingi wa nadharia inayotenganisha kushurutishwa na kujiamulia.

Ugumu unakuja ukitaka kulileta dodoso kama hilo hapa Tanga, mtaani Ngamiani. Njia ya kawaida ni mtu mmoja kulifasiri kwa Kiswahili, kisha mwingine ambaye hajaona la asili analirudisha Kiingereza, halafu yanalinganishwa. Lakini maneno yanaweza kurudi salama na maana isirudi. Chukua "kupungua". Huku kwetu ukimwambia mtu "umepungua", nusu watakushukuru na nusu watakuuliza kama wanaonekana wagonjwa. Sifa yenyewe ni "umenawiri". Au chukua kutambuliwa na watu: ukiandika "kujionyesha" umeshamtukana mjibuji, ataweka 1 hata kama fulana yake imepigwa pasi mara mbili. "Kuheshimiwa" nako, nani asiyetaka? Wote wataweka 7. Ndiyo maana kila lengo lina maswali manne. Majibu ya maswali ya kundi moja yanatakiwa yaende pamoja, na moja likivuta upande wake, wapimaji wanajua neno fulani limewaponyoka.

Kuna na jambo ambalo dodoso halilifikii, nalo Tanga hulikosi: baiskeli. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linawashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya kutoa jasho la wastani, na safari ya baiskeli imo kwenye hesabu. Muuza mikate anayetoka Makorora mpaka Chumbageni kila siku pengine ameshazimaliza Jumatano. Nilimuuliza lengo lake hasa ni lipi anapokanyaga hivyo.

"Lengo?" akasema, mguu mmoja chini, mkono juu ya kikapu. "Isipoe."