Kile kitabu cha mwanao, umeshakisoma mwenyewe?

Habari zenu wana Kigoma. Leo mkutubi wenu nataka tuongee kitu ambacho nakiona karibu kila wiki. Mzazi anakuja na mtoto maktaba, mtoto anaenda zake kwenye shelfu la hadithi, mzazi anakaa pembeni anachezea simu, bando likikata ndo utamuona anavuta kitabu cha mtoto anaanza kukisoma kwa kuibia, ukimsogelea anakifunga haraka kama kafumaniwa. Mzee wangu, kwani kuna ubaya gani?

Wengi tunachukulia hadithi za watoto ni uji, chakula cha wasio na meno. Mi sikubali. Chukua tu hii ya kima na rafiki yake wa majini, ambayo naamini wengi mmeisikia. Bibi yangu alikuwa anasema mamba, maana ziwa letu hili papa halina, ila Zanzibar ni papa na ndivyo ilivyo kwenye ngano alizozikusanya mmisionari Mwingereza Edward Steere akazichapisha London mwaka 1870. Kima yuko juu ya mkuyu anamtupia papa matunda, siku zinaenda, urafiki unakolea, papa anamwambia twende na kwetu ukapaone, nitakubeba mgongoni. Wakafika katikati ya maji ndo anamwambia ukweli, sultani wetu yuko hoi na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu ungesema mapema bwana, sisi tukitembea mioyo tunaiacha mtini, nirudishe nikauchukue. Wakarudi, kima akapanda mti, imetoka hiyo.

Nikiwa mdogo nilimcheka papa kwa ujinga wake basi, hadithi ikaishia hapo. Nimeirudia juzi nikiwa na watoto, nina bosi, nina mambo yangu mengi, nikakwama kwenye swali ambalo utotoni halikunijia kabisa: kwa nini papa alisema? Kima alishakuwa katikati ya maji hana pa kukimbilia, papa angenyamaza tu kazi ingekuwa imeisha. Labda lilimshinda moyoni, yaani unatumwa na mkubwa wako umuumize mtu aliyekulisha, unakubali kwa sababu ukikataa utaumia wewe, halafu njiani mdomo unafunguka wenyewe. Mtoto wa miaka saba hawezi kuliona hilo kwa sababu hajawahi kutumwa kitu cha namna hiyo. Wewe umeshatumwa.

Na kwa taarifa yenu hadithi hii haikuanza kama ya watoto. Wahindi wanayo kwenye Panchatantra, kitabu chao cha kale cha ngano, na pale anayeutaka moyo wa kima ni mke wa mamba, sultani hayupo. Karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaiingiza kwenye Kiarabu ndani ya Kalila na Dimna, humo mnyama wa majini ni kobe. Vilikuwa vitabu vya kuwafunda wana wa wafalme na watawala, watu wenye ndevu zao. Angalia hapo kwa mke na sultani, kabadilishwa mtu mmoja tu na hadithi imegeuka yote, huku presha inatoka nyumbani huku inatoka kazini. Mimi hiyo ya kazini ndo inanitisha zaidi lakini kila mtu na yake.

Au yule fisi aliyesikia harufu ya nyama njia mbili kwa mpigo, akaweka mguu huku na mguu kule mpaka akapasuka msamba. Mtoto anacheka. Mtu mwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, sehemu mbili hacheki.

Kuna na hili la wanaorudi kusoma ukubwani. Enzi za kisomo cha watu wazima miaka ya 70 vitabu vingi walivyopewa wazee wetu vilihusu pamba, migomba, uvuvi, ufugaji, vizuri tu, vilikuwa na kazi yake, ila mtu akishatoka kuvua usiku kucha kweli atapata hamu ya kusoma tena habari za nyavu? Hadithi fupi yenye herufi kubwa na picha inamvuta mpaka mwisho kwa sababu anataka kujua kima kafanyaje.

Kuna mama mmoja anaanika dagaa Kibirizi, nilimpa hiyo ya kima amsomee mjukuu wake. Aliporudisha kitabu nikamuuliza, mama, kwa nini papa alisema? Akaniangalia kama namchelewesha na biashara yake akasema, "Mwanangu, huyo alikuwa anatafuta sababu ya kumrudisha mwenzie, kima asingesema moyo uko mtini angesema hata amesahau kufunga mlango, wangerudi tu."

Nikamwongezea vitabu vitatu.