Sodiamu imeshuka, nimpe chumvi? Majibu kwa ndugu wa mgonjwa aliyelazwa

Sodiamu ni nini, na imeshuka ikifika wapi?

Ni madini yaliyomo kwenye damu, na kazi yake kubwa ni kuamua maji ya mwili yakae ndani ya seli au nje. Kipimo cha kawaida ni 135 hadi 145, kwa milimoli katika kila lita. Chini ya 135 imeshuka. Chini ya 125 imeshuka sana. Lakini namba haisemi yote. Aliyeshuka taratibu kwa wiki kadhaa anaweza kukaa kitandani na 120 mkazungumza vizuri, wakati aliyeshuka ndani ya siku moja akapatwa na degedege kwa namba hiyohiyo.

Kwa hiyo amepungukiwa chumvi?

Mara nyingi, hapana. Maji ndiyo yaliyozidi. Mwili una homoni inayoiamuru figo ibakize maji, na nimonia, upasuaji, maumivu, kichefuchefu na dawa kadhaa huifanya itoke wakati haihitajiki. Maji yakibaki, sodiamu inazimuliwa, na seli za ubongo zinavimba. Ndiyo maana mgonjwa anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, anaanguka.

Nimemletea chumvi kwenye kikaratasi. Alambe kidogo?

Hapana. Ninaulizwa hili kuliko jambo lolote lingine, na mara nyingi linaulizwa chumvi ikiwa imeshalambwa. Mgonjwa wa moyo, ini au figo aliyevimba miguu ana sodiamu nyingi tu mwilini, ila maji yamezidi zaidi. Ukimpa chumvi anapata kiu, kiu inamfanya anywe, na akinywa uvimbe unaongezeka hadi anashindwa kupumua. Wapo wagonjwa tunaowapa vidonge vya chumvi, sikatai. Tunawapa kwa kipimo, tukiwa tumepima damu na mkojo. Vidonge hivyo vimeandikwa kwenye chati. Kikaratasi chako hakimo.

Na chumvi kidogo kwenye maji ya vuguvugu?

Hapana. Hapo umempa vyote viwili tunavyojaribu kuvidhibiti.

Sasa hospitali inamtibu kwa kitu gani hasa?

Inategemea kilichoishusha. Aliyeharisha na kutapika hadi akakauka anawekewa dripu ya salini ya kawaida, yaani maji yenye chumvi ya asilimia 0.9. Huyu kweli amepoteza maji na chumvi, na kwa kawaida anaamka vizuri.

Aliyebakiza maji kwa sababu ya ile homoni ni habari nyingine. Dripu hiyohiyo inaweza kumshusha zaidi, kwa kuwa figo yake inaitoa chumvi kwenye mkojo na kuyabakiza maji. Yeye tunambana maji, mara nyingi yasizidi lita moja kwa siku, vinywaji vyote vikihesabiwa humo. Kama haitoshi, daktari anaweza kuongeza furosemidi, dawa ya kukojoza, pamoja na vidonge vya chumvi.

Ipo pia tolvaptani, kidonge kinachoizuia homoni hiyo kwenye figo ili mgonjwa akojoe maji bila kupoteza chumvi nyingi. Marekani iliruhusiwa mwaka 2009 kwa sharti kwamba ianzishwe hospitalini, mahali damu inapoweza kupimwa mara kwa mara. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya huko ikaonya isitumike zaidi ya siku 30 wala kwa mwenye ugonjwa wa ini, kwa sababu inaweza kuliumiza ini. Aliyeanza kidonge hiki hapaswi kubanwa maji kwa saa 24 za kwanza. Akisikia kiu anywe. Kwa hiyo usishike agizo la juzi. Uliza kila siku.

Mwenye degedege au asiyeamka hasubiri kubanwa maji. Anapewa salini kali ya asilimia 3, mililita 100 hadi 150 kwa dakika 10 hadi 20, na inaweza kurudiwa. Tunachotafuta hapo ni sodiamu ipande kwa 4 hadi 6 tu. Inatosha kupunguza uvimbe wa ubongo.

Jana 112, leo 118. Mbona mnakwenda polepole hivyo?

Kwa makusudi. Mgonjwa wa namna hii hatutaki apande zaidi ya 8 kwa saa 24. Ubongo uliokaa na sodiamu ya chini kwa siku mbili au zaidi umeshajirekebisha kuishi nayo. Ukiipandisha mbio, utando unaofunika nyuzi za neva unaharibika. Mgonjwa anaonekana amepona, mnafurahi, kisha kati ya siku ya pili na ya sita anaanza kuongea kwa kukwama, anashindwa kumeza, mikono na miguu inalegea. Wengine hawarudi walivyokuwa, na hakuna dawa ya uhakika ya kuurudisha utando huo. Walio hatarini zaidi ni walevi, waliodhoofu kwa kukosa lishe, wenye ugonjwa wa ini na wenye potasiamu ya chini.

Kwa hiyo ndugu anayesimama mlangoni akidai dripu iongezwe kasi anadai madhara hayo. Na anayekizungusha mwenyewe kile kidhibiti cha dripu usiku, muuguzi akiwa kitanda kingine, naomba akome.

Kwa nini mnapima hata mkojo? Niliumwaga kuwasaidia.

Usiumwage. Mkojo ukianza ghafla kuwa mwingi na mweupe kama maji, huenda sodiamu inapanda kuliko tulivyopanga, na tunaliona hilo kwenye chupa kabla majibu ya maabara hayajarudi. Tukijua mapema tunaweza kumrudishia maji au kumpa dawa ya kuupunguza mkojo. Chupa ikiwa tupu, hatujui kitu.

Anaendelea na dawa zake za nyumbani?

Tuonyeshe kwanza. Tumeshainua mto tukakuta pakiti ya vidonge vya presha vya kukojoza, haidroklorothiazaidi, mgonjwa anameza kila asubuhi huku sisi tunashangaa sodiamu haipandi. Kidonge ndicho kilichomlaza, na bado anakimeza kitandani. Dawa nyingine zinazoshusha ni kabamazepini ya kifafa na zile za sonona kama fluoksetini na setralini. Usizisimamishe mwenyewe, hasa ya kifafa. Zilete zote na pakiti zake, daktari aamue.

Amechanganya maneno tangu wiki iliyopita, tukadhani uzee.

Uzee hauji Jumanne. Mzee aliyekuwa anawataja wajukuu wote kwa majina, leo hajui yuko wapi, apelekwe hospitali leo. Si baada ya kulambishwa chumvi ili tuone kama atachangamka. Akipatwa na degedege au haamki, ni dharura ya saa hiyohiyo.

Tukiruhusiwa kwenda nyumbani?

Ondoka na tarehe ya kupima damu tena. Kwa wengi ni ndani ya wiki moja. Uliza mambo mawili na uandikiwe: maji kiasi gani kwa siku, na dawa ipi imesimamishwa. Ile iliyosimamishwa irudishe duka la dawa au utukabidhi hapahapa wodini, kwa sababu ikibaki kabatini kuna siku mtu atampa.