Kinyonga hafuati rangi ya kitambaa ulichomweka

Hii ya kwamba ukimweka kinyonga kwenye kitambaa chekundu anakuwa mwekundu, ukimhamishia kwenye bluu anakuwa wa bluu, jamani si kweli. Kujificha anajificha, ila rangi yake ya kawaida tu inatosha kumpoteza kwenye majani, mabadiliko makubwa mara nyingi ni dume kaona dume mwenzake au anamtaka jike, au asubuhi ya baridi anajitia weusi apate joto la jua haraka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walionyesha kwa kinyonga wa Madagaska kwamba ngozini kuna fuwele, yaani chembe ngumu zinazoakisi mwanga, ndogo mno, akitulia zinabanana anaonekana kijani, akipandisha hasira zinaachana anageuka njano. Na sumu hana, tusimuue bure.